Saa Nane na Dakika Nne

Hosteli ya Wasichana,
Borella, Kolombo.
20 Septemba 1970

Akka, dada yangu mkubwa Tikiri Menike,

Pokea salamu za mdogo wako kutoka huku kwenye joto na mbu. Mimi mzima, tumbo zima, miguu mizima, na hiyo miguu ndiyo ya kuombewa. Natumaini wewe na Shemeji Ukku Banda na Chandra wangu hamjambo, na viazi havijaoza kama mwaka jana. Mwambie Shemeji nilimwota anacheka. Nilipomwona anacheka nikajua ni ndoto, nikaamka.

Na Amma, mama yetu, hajambo? Barua yako iliyopita haikuwa na mstari wake chini. Siku zote huandika mmoja, herufi zimejipanga kama siafu: "Kula. Lala. Usijibizane na wakubwa." Safari hii hakuna kitu. Kama amenikasirikia kwa sababu sikuja nyumbani mwezi wa tano, mwambie anipige nikija, lakini mstari wangu aniandikie.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Wametangaza siku ya kuchagua timu ya kwenda Bangkok, Michezo ya Asia, mwezi wa Desemba. Kwa mbio fupi atakwenda mwanamke mmoja tu. Mmoja, Akka. Atakayeshinda mita mia ndiye huyo, hakuna mjadala. Mchujo ni tarehe 10 Oktoba na fainali ni tarehe 11, saa kumi jioni.

Nina miaka ishirini na saba. Michezo mingine ni baada ya miaka minne, na mwanamke wa miaka thelathini na moja akionekana anakimbia watu watauliza nani kamwibia mkoba. Kwa hiyo ni sasa au basi. Kuna mtoto mmoja anaitwa Noeline, miaka kumi na tisa, miguu mirefu kama ya korongo, kila wiki ananikaribia kidogo. Nimemshinda mara tatu. Kocha Weerakkody anasema nitamshinda na ya nne, ila baada ya hapo nisimtafute tena.

Unajua gazeti liliandika kwamba mimi ndiye mwanamke wa kwanza kisiwani kushuka chini ya sekunde kumi na mbili. Mama mwenye hosteli alilisoma, akalikunja, akaniuliza, "Na hii michezo ya watoto utaiacha lini?"

Wewe unajua Amma anataka nini. Kasema mbele yetu wote: kabla hajafunga macho anataka kusikia jina langu redioni, kutoka nchi ya mbali, na majirani wote wakiwa wamekaa kwenye baraza yetu, hasa wale waliosema nimevuliwa nguo mbele ya wanaume. Basi naomba aende kwa yule mnajimu wa Demodara anitafutie saa njema ya kutoka mlangoni siku ya fainali. Wenzangu wa mjini wananicheka, waache wacheke. Mwaka wa sitini na sita ndipo nilipojifanya msomi, nikatoka bila kungoja saa, na msuli wa paja ukakatika nikiwa mita ya thelathini. Tangu siku ile sibishani na nyota.

Nijibu upesi.

Nangi, mdogo wako,
Yasawathi

*

Badulla
3 Oktoba 1970

Nangi Yasawathi,

Nimeipata barua yako, ilikaa posta siku nyingi, usinune. Sisi hatujambo. Shemeji wako amesikia ndoto yako, akasema mwanamke anayeota waume za watu aolewe. Chandra amepanda darasa na ameng'oka jino. Usishangae karatasi hii, nimeomba kwa mtu.

Amma yupo. Miguu inavimbavimba, baridi tu ya milimani, na mkono umechoka kwa kuchambua maharagwe, ndiyo maana hakuandika mstari. Hajakukasirikia. Kutwa ni Yaso, Yaso, mpaka wengine tunajiuliza kama sisi aliokota.

Juzi alikuwa anakumbuka ile kaptula ya kwanza. Unaikumbuka? Aliikata kwenye kitambaa cheupe cha baba, Appachchi, cha kuendea hekaluni, akaishona kwa mkono, na Appachchi alipokwenda sandukuni siku ya mwezi mpevu akakuta nusu ya nguo. Miezi miwili hakusema naye. Amma anasema ilikuwa miezi miwili ya raha. Alfajiri alikuwa akikufuata kwa nyuma kwenye njia ya reli na fimbo ya kufukuzia mbwa, wewe unakimbia, yeye anahema, na wale akina mama wa kisimani wanasema haraka haraka haina baraka. Hakuwajibu hata siku moja. Alikuwa anaweka moyoni.

Haya, shika kalamu. Tarehe 11 utoke mlangoni saa nane na dakika nne mchana. Unywe maziwa, uelekee mashariki, utangulize mguu wa kulia. Mnajimu amesisitiza sana: kabla ya dakika hiyo usikanyage kizingiti hata nyumba ikiungua. Fainali ni saa kumi, muda unao tele, utafika na kunyoosha viungo na kuwaangalia wenzako kwa dharau kama kawaida yako.

Ushinde, mdogo wangu. Safari hii si kwa ajili yako peke yako.

Akka yako,
Tikiri Menike

*

Kolombo
15 Oktoba 1970

Akka,

Salamu kwa wote. Sina nafasi ya kuandika sana.

Mwambie Amma nimepata. Naenda Bangkok. Saa ilikuwa njema, nilitoka kama mlivyoniagiza.

Mazoezi yatakuwa makali, tutakuwa kambini, kwa hiyo msishangae barua zikiwa chache. Mnaweza kuendelea kuniandikia hosteli, nitapitia. Magazeti msiyafuate, yanakosea majina ovyo.

Amma ale vizuri, na apake mafuta miguuni.

Yasawathi

*

Badulla
31 Oktoba 1970

Nangi wangu wa dhahabu,

Nianze na salamu au nianze na kelele? Nimesoma barua yako kwa sauti mara nne. Amma alikuwa amelala mchana ule, nikamwamsha. Akasema, "Soma tena, taratibu, wewe unasoma kama unafukuzwa." Nikasoma tena. Alilia na kucheka pamoja, akaanza kumweleza kila mtu aliyekuwa karibu, pamoja na mama mmoja asiyemjua kabisa. "Mwanangu anakwenda Bangkok. Kwa ndege. Kukimbia." Yule mama akauliza, "Anamkimbia nani?" Amma hajazungumza naye tangu hapo.

Habari imefika kila kona. Mke wa karani wa shamba la chai, yule aliyetema mate ulipopita na kaptula, ameleta wali wa maziwa nyumbani, umekatwa vipande vizuri, na ndizi juu. Nilitaka kumrudishia na sahani. Shemeji wako akasema, "Ule wali una kosa gani?" akaula wote.

Tumenunua betri mpya za redio. Shemeji amepanda juu ya paa kufunga waya, mwanaume aliyekataa miaka mitatu kupanda kuziba panapovuja.

Lakini Yaso, umeandika kama mtu anayejaza fomu. Ulishinda kwa kiasi gani? Noeline alifanya nini? Kocha alisema nini? Amma ananiuliza mimi, nami natunga. Nimemwambia ulimshinda kwa hatua mbili na watu wakasimama. Kama ni hatua tatu tuandikie nirekebishe.

Halafu Amma ametoa amri, na unajua amri zake. Kasema mpaka umalize kukimbia usisumbuliwe na jambo lolote la huku nyumbani. Hata ng'ombe akifa. Nimekubali.

Tunakupenda mno.

Akka

*

Kolombo
14 Novemba 1970

Akka mpenzi,

Natumaini hamjambo. Mvua huku haikatiki, kamba zote za hosteli zimejaa nguo zisizokauka. Mwambie Shemeji ashuke juu ya paa, ataugua.

Hatua mbili zinatosha. Usirekebishe.

Noeline ni mtoto mzuri, usimchukie. Alinikuta nimekaa juzi, akakaa karibu yangu, akanimenyea chungwa.

Akka, umeandika kwamba Amma alikuwa amelala mchana na kwamba kulikuwa na watu asiowajua. Amma halali mchana. Mlikuwa wapi? Kama kuna jambo niambie. Naweza kuomba ruhusa siku mbili tatu, nipande treni, nimwone, nirudi. Kocha hatakataa. Nimeamka siku nyingi na hamu ya kuweka kichwa kwenye mapaja yake tu, bila kuongea, kama tulipokuwa tunatafutana chawa. Ukiniambia njoo, nakuja. Neno moja tu.

Nakungoja.

Yaso

*

Badulla
24 Novemba 1970

Nangi,

Hatujambo. Tulikuwa tumekwenda kwa watu, wenyewe wana wageni wengi, ndiyo maana. Amma alikuwa amechoka na safari.

Usije. Nimemsomea barua yako, amenishika mkono kwa nguvu zake zote, amesema: "Mtu akishainama kwenye mstari haitwi. Akigeuka, amekwisha." Haya ni maneno yake, sijaongeza hata moja. Amesema ukija atafunga mlango.

Kimbia, Yaso. Tarehe za michezo tumeziandika ukutani kwa mkaa.

Akka

*

Badulla
20 Desemba 1970

Mdogo wangu Yasawathi,

Barua hii naituma hosteli ili ikukute ukirudi kutoka Bangkok. Kaa chini kwanza. Kama kuna mwenzako yeyote hapo, akae na wewe.

Amma ametutoka. Alifariki tarehe 3 Desemba asubuhi, tukamzika tarehe 5. Yalikuwa mafigo. Tangu mwisho wa Septemba tulikuwa hospitali, mimi na yeye, na kila barua niliyokuandikia miezi hii niliiandikia huko. Miguu ilivimba mpaka ngozi ikang'aa. Daktari aliniambia mwezi wa kumi kwamba hatarudi nyumbani akitembea.

Nilitaka kukuita. Mara mbili nilifika mpaka dirisha la simu za maandishi, karatasi nimeshaijaza, nikarudi. Aliniapisha, Yaso. Aliniambia hata nikifa, usimwambie mpaka akimbie, utamvunja miguu. Nikaapa nimeshika mikono yake. Sasa ningefanya nini?

Walitundika bendera nyeupe za msiba kutoka barabarani hadi nyumbani. Jiko letu halikuwashwa, majirani walileta chakula, hata wale wa kisimani. Watu walikuja wengi kuliko mazishi ya Appachchi, na kila aliyekuja alimwuliza Shemeji kwa sauti ya chini, "Yule mkimbiaji ameshaondoka?" naye alijibu kwa kiburi, kwa machozi yake, "Ameshaondoka."

Nikueleze na hili. Siku ya mita mia tulifungua redio. Tulisema ingawa tuko kwenye msiba, hivi ndivyo msiba wenyewe unavyotaka. Baraza ilijaa, wengine wakasimama kwenye viazi. Mtangazaji akasoma majina ya wanawake. Alipofika kwa msichana wa kwetu, akasema Noeline. Nikadhani sikusikia. Chandra akaniangalia, akasema, "Si jina la Mama Mdogo." Nikamwambia anyamaze, mtangazaji amekosea, wewe mwenyewe ulituandikia kwamba wanakosea majina. Watu wakaondoka mmoja mmoja. Mke wa karani aliaga kwa adabu mno.

Uliumia? Uliugua huko? Niambie. Sina hasira, nataka kujua tu. Mtu mmoja nimeshamzika, usinifiche na wewe.

Akka yako

*

Kolombo
2 Januari 1971

Akka,

Nimeisoma. Indrani, yule mrusha mkuki, alikuwa hapa, alinishika. Sijui nianze na salamu gani. Poleni. Nakupa pole mimi, na pole hiyo hiyo ni yangu, na sina mtu wa kunipa.

Sikwenda Bangkok. Sikuumia, sikuugua. Sikuchaguliwa kamwe.

Nitaandika yote na nikimaliza sitaisoma tena, maana nikiisoma nitaichana kama nilivyochana nyingine.

Mchujo nilishinda vizuri, mbele ya Noeline, kwa hatua mbili kweli. Tarehe 11 nilibaki hosteli kungoja saa. Nimeoga, nimekunywa maziwa, nimekaa kitandani na viatu vya misumari mapajani. Saa saba na nusu nikasikia mtu anapiga kengele ya baiskeli barabarani kama amepagawa. Ni Indrani. Mawingu yalikuwa meusi, waliogopa uwanja utajaa maji, wakasogeza fainali mbele. Itakimbiwa saa nane na robo.

Alisimama nje, mimi nimesimama ndani, kizingiti katikati. Akasema, "Panda nyuma, twende!" Nikamwambia nisubiri mpaka saa nane na dakika nne. Akasema, "Kuna nini saa nane na dakika nne, mumeo anakuja?" Nikamweleza. Alinitazama, Akka, sitasahau. Akasema, "Yaso, nyota hazikimbii na wewe. Noeline ndiye anayekimbia na wewe." Akanivuta mkono. Mimi nikashika fremu ya mlango.

Niliogopa paja. Nilikuwa naliona kabisa linakatika, kama mwaka ule. Na kulikuwa na jambo jingine, nalo ni baya zaidi: nilijiona mkubwa. Nilisema moyoni hawawezi kukimbia mita mia bila mimi. Mimi ndiye rekodi. Watanisubiri dakika tano, watasubiri. Indrani mkuki wake ulikuwa unaitwa, akanitukana, akaondoka na baiskeli huku analia.

Saa nane na dakika nne nilitoka, mguu wa kulia. Nilikimbia kutoka hosteli mpaka uwanjani, kwenye lami, magari yananipigia honi, na sijawahi kukimbia vile maishani mwangu. Nilikuwa langoni mkono uko kwenye chuma cha geti niliposikia bastola. Niliwaona wanapita. Wasichana saba, na njia ya nne haina mtu. Noeline alikimbia sekunde kumi na mbili nukta moja, Akka. Kumi na mbili nukta moja. Kocha alikwenda kuwaomba, akanivulia kofia mbele ya wale wazee wa kamati. Wakasema sheria ni sheria, aliyeshinda ameshinda. Hawakukosea.

Kwa nini nilisema uongo? Nilikaa siku nne na karatasi. Niliandika ukweli mara tatu. Nilipofika mahali pa kuandika "mwambie Amma" kalamu ikakataa. Nikasema nitamwambia mwenyewe mwaka mpya, uso kwa uso, nimeshika miguu yake. Nilijua njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua imeishia wapi.

Sasa sikiliza. Tarehe 3 Desemba sikuwa kambini. Hakuna kambi. Nilikuwa kazini, ofisini, napanga mafaili. Tarehe 5 mlipokuwa mnamzika, nilikwenda sokoni na kununua sabuni. Treni ya kwetu inapita kila siku na nauli ninayo. Mama yangu amekufa bila mimi kwa heshima ya mbio ambazo sikukimbia. Alinilinda na kitu ambacho hakikuwepo.

Silaumu nyota. Lakini siku moja nitakwenda Demodara, nitakaa mbele ya yule mzee, nimwulize tu: Ulipofungua vitabu vyako siku ile, uliona nini?

Usinijibu kama huwezi.

Yasawathi

*

Badulla
24 Januari 1971

Yaso,

Wiki tatu sijakujibu. Barua nimeandika, nyingi tu, zimepikia chai. Ya kwanza ilikuwa ya matusi. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba Shemeji wako alihamia kwa kaka yake kwa kisingizio cha mbuzi. Nilikuwa nasema: mama yangu alikuwa anageuza uso kwenye mlango wa wodi kila mtu akiingia, mimi namwambia si yeye, Amma, yeye yuko kambini, na mwenyewe ananunua sabuni! Ndiyo, nilikukasirikia. Nikuambie uongo wa nini tena.

Halafu hasira ikaisha, nikabaki na lile ambalo hasira ilikuwa inalifunika.

Usimwendee yule mzee. Usimwulize kitu. Hakufungua vitabu, kwa sababu hakuna aliyemwendea.

Barua yako ya Septemba ilifika Amma akiwa na siku tatu hospitalini. Akaniambia nenda Demodara, mtoto anangoja saa. Nikasema ndiyo. Kutoka hospitali mpaka Demodara na kurudi ni siku nzima, na usiku ule alikuwa ametapika, na nesi alikuwa mmoja kwa wodi nzima. Nikasema kesho. Kesho yake akazidi. Ilipofika tarehe 3 nikaona siku zinakwisha, barua isipotoka leo haitafika. Nikaomba karatasi kwa karani, nikakaa kwenye benchi la nje ya wodi, nikaandika habari za kaptula, nikaandika habari za Shemeji. Nilipofika mahali pa saa nikasimama. Nikainua macho. Ukutani kulikuwa na saa ya hospitali. Ilikuwa inasema saa nane na dakika nne.

Ndiyo hiyo, Yaso. Ndiyo niliyokuandikia.

Nilijiambia haina ubaya. Fainali ni saa kumi, saa nane ni mapema, mtoto atafika, atashinda kwa miguu yake kama anavyoshinda siku zote. Halafu nikaogopa utaishuku, kwa hiyo nikaipamba. Maziwa ni mimi. Mashariki ni mimi. Kizingiti usikanyage hata nyumba ikiungua, ni mimi pia. Niliona mnajimu wa kweli angesema hivyo, na nilicheka kidogo nilipoandika. Nilirudi ndani nikamwambia Amma saa imepatikana, akaniuliza ngapi, nikamwambia, akahesabu vidole akasema ni nzuri.

Uliposhika fremu ya mlango ulikuwa umenishika mimi.

Nimefikiri kukuficha. Ungejilaumu wewe na kumlaumu mzee wa watu, na mimi ningezeeka nikiitwa Akka mwema aliyemuuguza mama. Nimeshindwa. Mwaka huu siku moja naamka vizuri, nyingine nimekaa jikoni asubuhi nzima na moto umezimika. Sikuombi unisamehe upesi. Mimi mwenyewe sijamaliza kukusamehe. Ila hii ya kugombana kwa barua imetutosha, karatasi inavumilia mno.

Jambo moja ninalo la kukupa, nalo ni la kweli, hospitali nzima ni mashahidi. Asubuhi ile ya mwisho alikuwa ameshaacha kula, amefumba macho. Yule mama wa kitanda cha jirani, aliyekuwa amenuniwa tangu alipouliza unamkimbia nani, akamsogelea akamwuliza, "Huyo mwanao, anakimbia vizuri kweli?" Amma akafumbua macho. Akasema, "Vizuri? Nilikuwa namfuata na fimbo, sikumfikia hata siku moja." Hakusema kitu kingine baada ya hapo. Hilo halikutegemea Bangkok.

Sadaka yake ya miezi mitatu ni tarehe 3 Machi. Watawa watano watakuja, nimeshawaalika. Wakimaliza kula kuna yale maji ya kumimina mpaka kikombe kifurike, ili thawabu imfikie. Mtungi hushikwa na watoto wa marehemu, mikono pamoja, na tumebaki wawili. Nimemwambia mtawa mkuu kwamba mdogo wangu atakuwepo. Akaniuliza atafika siku gani, saa ngapi. Nikasema sijui.

Njoo, Yaso. Kuna treni ya asubuhi na kuna ya jioni. Usiniulize saa, usimwulize mtu yeyote. Toka tu mlangoni, kwa mguu wowote.

Akka yako,
Tikiri Menike